Mwangwi kwa Wakati Wake

Katika Kiswahili kitenzi kimoja hutumika kwa mambo mawili ambayo kwa mtazamo wa haraka hayana udugu. Shairi hutungwa, na mimba hutungwa. Mtunzi huanza na neno ambalo hajalitamka mbele ya mtu, akalibeba, akalipima, akaliongezea la pili. Mwanamke naye hubeba jambo ambalo siku za mwanzo halina umbo la kuonekana wala uzito wa kuhisiwa. Mkulima wa bondeni amelichukua neno hilo mpaka shambani kwake: mpunga ambao suke lake lingali limefungwa ndani ya bua husemwa kuwa una mimba, na mwenye shamba huuacha vivyo hivyo, kwani afunuaye suke kabla ya wakati hapati mchele wala mbegu.

Kutunga kote kuna hesabu. Shairi lina mizani, na sikio la Mwambao hutambua mara moja pale mizani ilipozidi au ilipopungua. Mimba nayo ina hesabu yake: siku 280 tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ambazo ni wiki 40, au miezi mwandamo tisa na nusu. Wazee waliposema miezi tisa hawakuwa mbali na ukweli. Lakini kila hesabu huhitaji mahali pa kuanzia, na hapo ndipo penye fundo. Katika zama hizi ambapo miji mingi ya Mwambao ina vyumba vyenye mashine ya altrasaundi, swali linaloulizwa sana na wajawazito, na waume zao wanaotoa fedha, ni hili: mimba isiyo na matatizo hupigwa picha mara ngapi? Ni swali la haki. Ila linaanzia katikati. Kabla ya kuuliza ni mara ngapi, inafaa iulizwe ni lini, na ni kwa kutaka kujua nini.

Na achukuliwe, kwa mfano, mwanamke wa kisiwa cha Pemba. Hapewi jina hapa kwa sababu si mmoja. Alipokuwa angali akimnyonyesha mtoto wake wa kwanza, asubuhi moja harufu ya samaki wa kukaanga ilimtoa jikoni mbio. Bibi yake, aliyekuwa ameketi barazani akichambua mchele, hakuuliza kitu. Alimwekea kipande cha ndimu mkononi, akaendelea na ungo wake. Usiku, watu walipokwisha kulala, ndipo aliposema kwa sauti ya chini:

"Mjukuu wangu, jambo changa halipigiwi tarumbeta. Lisitiri mpaka lijisemee lenyewe."

"Nimesikia, bibi."

"Hata shoga zako."

"Hata wao, bibi."

Wasia huo usichukuliwe kuwa ni ujinga. Ndani yake imo hofu ya hasidi na jicho, hilo halifichiki, lakini imo pia hekima iliyopimwa na vizazi. Mimba nyingi zinazoharibika huharibika ndani ya wiki 12 za mwanzo. Mwanamke aliyewatangazia majirani hulazimika kuwaendea tena, mlango kwa mlango, kulitangua tangazo lake. Na kila mlango humpa pole inayolifungua jeraha upya. Aliyesitiri hulia mara moja, ndani mwake, pamoja na wale wachache wanaojua. Sitara, kwa hivyo, ni aina ya huruma.

Hata hivyo huruma hiyo ina gharama yake. Mwanamke yule alikwenda kliniki tumbo lilipokwisha kujisema lenyewe, na mkunga alipofungua kadi aliuliza swali ambalo kila mjamzito huulizwa:

"Mama, siku zako za mwisho uliziona lini?"

"Tangu nimzae huyu sijaziona, dada."

Hakusema uongo. Kunyonyesha huchelewesha hedhi kwa miezi mingi, na mwanamke huweza kushika mimba kabla hedhi ya kwanza haijarudi. Katika jamii ambayo mtoto hunyonya hadi kukaribia miaka miwili, wenye jibu kama hilo si haba. Wengine husahau tarehe, wengine wametumia sindano ya uzazi wa mpango ambayo huvuruga mpango wa hedhi. Mkunga akachukua utepe, akapima kimo cha tumbo la uzazi kutoka mfupa wa kinena hadi juu, akaandika makadirio. Ni kipimo cha busara, lakini tumbo hukua kwa sababu nyingi: mtoto mkubwa, mtoto mdogo, maji mengi, mapacha. Mtoto alipokuja alikuwa mdogo kuliko ilivyotarajiwa, na kila aliyemshika alijiuliza lile lile: huyu ni njiti, aliyekuja kabla ya siku zake, au ametimiza siku zake ila hakushiba tumboni? Hilo si swali la kujifurahisha. Njiti huenda mapafu yake hayajakomaa. Aliyetimiza siku huenda kondo la nyuma halikumlisha ipasavyo. Hatari zao hazifanani, na uangalizi wao haufanani. Uzito wa mizani ya kilo hauwatenganishi. Kinachowatenganisha ni tarehe, na tarehe haikuwapo.

Chombo kinachoweza kuitoa tarehe hiyo kina asili ya baharini, na watu wa visiwani wanastahiki kukiona kuwa ni jamaa yao. Manahodha wa majahazi walikuwa wakipima kina kwa bildi, yaani kipande cha risasi kilichofungwa kamba na kutoswa majini mpaka kiguse chini. Mwanzoni mwa karne ya 20, baada ya kuzama kwa meli ya Titanic mwaka 1912, na hasa katika Vita vya Kwanza vya Dunia wakati nyambizi zilipokuwa zikivizia chini ya mawimbi, ilitafutwa bildi isiyokuwa na kamba. Ndugu wawili wa Kifaransa, Pierre na Jacques Curie, walikuwa wamegundua mwaka 1880 kwamba baadhi ya fuwele zikibanwa hutoa umeme. Na ikaonekana baadaye kwamba fuwele hizo hizo zikipewa umeme hutetemeka. Mfaransa mwenzao, Paul Langevin, aliutumia mtetemo huo kupeleka sauti majini na kuusikiliza mwangwi wake. Sauti inakwenda, inagonga, inarudi. Muda wa safari yake ndio unaosema kitu kiko umbali gani.

Kutoka baharini hadi tumboni kulipita takriban miaka 40. Ian Donald, profesa wa ukunga katika Chuo Kikuu cha Glasgow, alikuwa ametumikia jeshi la anga la Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na huko alizijua mashine za kusikiliza na kutambua vya mbali. Mwaka 1955 alikwenda katika kiwanda kimoja cha matangi ya mvuke huko Renfrew, karibu na Glasgow, akiwa amechukua vivimbe vilivyotolewa kwa upasuaji, akavijaribu kwa mashine iliyokuwa ikitumika kutafuta nyufa ndani ya chuma. Akishirikiana na daktari John MacVicar na mhandisi Tom Brown, alichapisha matokeo ya kazi yao katika jarida la The Lancet tarehe 7 Juni 1958. Miongoni mwa wagonjwa wa mwanzo alikuwapo mwanamke aliyedhaniwa kuwa anakufa kwa saratani isiyotibika. Mwangwi ukaonyesha kwamba uvimbe wake ni mfuko wa maji kwenye ovari, ukatolewa, akaishi.

Mwezi huo huo wa Juni 1958, katika jarida jingine la Uingereza, Alice Stewart na wenzake wa Oxford walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba watoto ambao mama zao walipigwa eksirei walipokuwa wajawazito walipatwa na saratani zaidi kuliko wenzao. Kwa miongo kadhaa eksirei ndiyo iliyokuwa njia ya kumtazama mtoto tumboni. Basi mwezi mmoja ulitangaza habari mbili: jicho la zamani linaunguza, na sikio jipya limezaliwa.

Neno "sikio" hapa halikutumika kwa kupamba. Ingawa watu husema "kupiga picha ya tumbo", altrasaundi haioni. Husikia. Sikio la binadamu huishia kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde. Mashine hii hutumia mitetemo milioni kadhaa. Sauti hiyo hupita katika nyama laini za mwili kwa mwendo wa mita 1,540 hivi kwa sekunde, karibu sawa na mwendo wake katika maji ya bahari. Hewa ndiyo inayoizuia, na ndiyo sababu tumbo hupakwa mafuta mazito yenye utelezi, ili pasibaki nafasi kati ya ngozi na kifaa. Kila inapokutana na mpaka, baina ya maji na ngozi ya mtoto, baina ya nyama na mfupa, sehemu ya sauti hurudi. Mashine hukusanya miangwi hiyo na kuichora. Kile anachopewa mama kwenye karatasi ni kivuli cha sauti.

Sasa lirudiwe lile swali la idadi. Majibu ya dunia hayalingani. Huko Uingereza mjamzito asiye na matatizo hualikwa mara mbili: baina ya wiki ya 11 na ya 14, na baina ya wiki ya 18 na ya 21. Ujerumani huwapa wake mara tatu: katika wiki ya 9 hadi ya 12, ya 19 hadi ya 22, na ya 29 hadi ya 32. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016 uliopanga mjamzito aonane na wahudumu wa afya mara nane, lilipendekeza altrasaundi moja kabla ya kutimia wiki 24. Lilipoyapitia upya mapendekezo hayo mwaka 2022 lilibaki na moja hiyo hiyo, na likasema kwamba aliyekwisha kupimwa mapema hahitaji kupimwa tena baada ya wiki ya 24 kwa mazoea tu.

Msomaji huenda akadhani kwamba moja ni sadaka ya maskini, na tatu ni haki ya tajiri. Dhana hiyo inaeleweka, lakini ushahidi hauiungi mkono moja kwa moja. Mwaka 1993 ulichapishwa utafiti mkubwa wa Marekani uliowahusu wajawazito 15,151 wasio na dalili za hatari. Nusu yao walipangiwa altrasaundi mbili kwa utaratibu. Nusu nyingine walipimwa tu pale daktari alipoona sababu. Watoto wa kundi la kwanza hawakutoka salama zaidi kuliko wa kundi la pili. Wingi wa picha, wenyewe peke yake, haukumwokoa mtu.

Ile moja ya mapema ina kazi ambayo nyingine zote haziwezi kuifanya kwa ubora wake. Katika miezi mitatu ya mwanzo watoto wote wa binadamu hukua kwa mwendo unaokaribiana sana, wawe wa Pemba au wa Glasgow, wa mama mnene au mwembamba. Mwaka 1973 Hugh Robinson, huko huko Glasgow, alieleza jinsi ya kumpima kiumbe huyo kutoka utosini hadi makalioni na kuujua umri wake. Kipimo hicho kikifanywa katika miezi mitatu ya kwanza, kosa lake ni siku tano hadi saba tu. Kadiri wiki zinavyosonga, kila mtoto huanza kufuata urithi wake na lishe yake. Mmoja anarefuka, mwingine anabaki mfupi. Kuanzia mwezi wa saba kosa la kukadiria umri linaweza kufika wiki tatu au kupita. Mwenye kupenda mashairi ataelewa kwa mfano huu: mwanzoni watoto wote hufuata mizani moja, na baadaye kila mmoja huchagua bahari yake. Atakaye kuhesabu mizani na ahesabu katika ubeti wa kwanza.

Wiki tatu ni kitu gani? Kwa mtu aliyekaa barazani si kitu. Kwa mtoto anayetaka kuja mapema ni pumzi. Ipo dawa ambayo mama hudungwa anapokaribia kuzaa kabla ya wakati, ili kuyaharakisha mapafu ya mtoto yakomae. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa lililofanywa katika nchi sita, Kenya na Zambia zikiwa miongoni mwao, ambamo matumizi ya dawa hiyo yalienezwa mahali ambapo umri wa mimba aghalabu ulikadiriwa bila ya altrasaundi. Vifo vya watoto wachanga waliozaliwa wadogo havikupungua, na vifo vya watoto wachanga kwa jumla viliongezeka. Wengi wa akina mama waliodungwa hawakuwa na watoto wadogo wa kuhitaji dawa hiyo. Mwaka 2020 likaja jaribio jingine, katika hospitali 29 za Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistan, likiwa na wanawake 2,852. Safari hii umri wa mimba ulithibitishwa kwa altrasaundi, na hospitali zilichaguliwa zilizo na uwezo wa kuwatunza njiti. Vifo vya watoto wachanga vilipungua. Dawa ni ile ile. Kilichobadilika ni kujua nani apewe, wakati gani, na mahali gani.

Pemba yenyewe imechangia elimu hii. Katika miaka ya 2010 wajawazito wa kisiwa hicho, pamoja na wenzao wa Sylhet nchini Bangladesh na wa Karachi nchini Pakistan, walishiriki katika utafiti ulioitwa AMANHI, ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani. Sharti lake mojawapo lilikuwa umri wa mimba ujulikane kwa altrasaundi kabla ya wiki ya 20. Kisiwani kazi hiyo ilifanyika kupitia Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000. Yaani wanawake wa mabonde ya mpunga na mashamba ya karafuu, ambao wasia wa kusitiri wameunyonya kwa mama zao, walikubali kupimwa mapema, na tarehe zao zikawa mali ya elimu ya dunia nzima.

Hapo ndipo panapofunguka mlango ambao wengi hudhani umefungwa. Inaonekana kana kwamba wasia wa bibi na ushauri wa mkunga vinagongana: mmoja anasema ngoja, mwingine anasema wahi. Lakini sitara ilikataza kutangaza, haikukataza kujua. Mwanamke yule wa Pemba, mimba ya tatu ilipomjia, hakungoja tumbo lijisemee. Alimwendea bibi yake kabla ya mwezi wa tatu kuandama.

"Bibi, nataka ruhusa yako. Nataka nende nikapimwe."

Bibi alinyamaza kidogo. "Na watu?"

"Chumba kina mlango, bibi. Na mkunga hatoi siri ya mtu."

"Utaniambia nini ukirudi?"

"Siku tu, bibi. Nitakwambia siku zake."

Kizee kile kilifikiri, kikajifunga kanga yake vizuri. "Basi twende pamoja, na tutoke alfajiri. Atakayeuliza mwambie goti la bibi linauma."

Katika mazungumzo hayo mafupi mna mengi kuliko katika mabango ya hospitali. Bibi hakushindwa, wala mjukuu hakuasi. Wasia umebaki mahali pake, na tarehe imepatikana. Mkunga anayejua thamani ya sitara, anayeita kwa sauti ya chini, asiyeuliza habari za ndani mbele ya foleni, huwaleta wajawazito mapema zaidi kuliko yule anayewakaripia kwa kuchelewa. Palipo na siri ndipo watu hufika kabla ya kuonekana.

Isidhaniwe kwamba moja ni kifungo. Mimba ya kawaida huweza kuacha kuwa ya kawaida siku yoyote, na inapoacha, hesabu ya moja haina tena nguvu. Damu ikitoka, mtoto akipunguza kucheza, shinikizo la damu likipanda, sukari ikizidi, tumbo likiwa halilingani na wiki zake, mapacha wakigunduliwa, au mtoto akiwa amelala kingamo wiki za mwisho, altrasaundi hurudiwa, na kurudiwa tena ikibidi. Kondo la nyuma likionekana katika wiki ya 20 limekaa chini karibu na mlango wa uzazi, hutazamwa upya miezi ya mwisho, kwani aghalabu husogea juu tumbo linapokua, na lisiposogea mama hapaswi kuachwa azae kwa njia ya kawaida. Hata yule aliyekosa kipimo cha mapema hanyimwi cha baadaye. Hakitamwambia tarehe kwa uhakika, lakini kitamwambia ni watoto wangapi, wametanguliza nini, na kondo liko wapi. Kila mojawapo ya hizo ina swali lake. Pasipokuwa na swali, picha huwa ni matembezi.

Na matembezi hayo siku hizi yamekuwa biashara. Katika miji mikubwa ya dunia yapo maduka yanayouza sura ya mtoto kabla hajazaliwa, ikiwa imetengenezwa kwa rangi ya dhahabu, ya kuwekwa sebuleni. Matumizi ya kitabibu ya altrasaundi, yakifanywa ipasavyo, hayajaonekana kumdhuru mtoto. Lakini sauti hiyo hubeba nguvu inayoweza kupasha nyama joto, na wataalamu wamekubaliana itumike kwa kiasi kile kinachohitajiwa tu. Ujerumani, nchi ile ile yenye desturi ya tatu, ilipiga marufuku kuanzia mwaka 2021 picha za altrasaundi za kujifurahisha zisizo na sababu ya kitabibu. India kwa upande wake iliweka sheria mwaka 1994 ya kuzuia vipimo visitumike kufichua jinsia ya mtoto tumboni, kwa kuwa mwangwi ulikuwa umegeuka hukumu juu ya watoto wa kike. Chombo ni kimoja. Swali likiwa ovu, jibu nalo huwa ovu.

Ipo pia hatari ya upande wa pili, iliyo karibu zaidi na visiwa na vijiji. Ni kuamini kwamba mashine ikifika, wokovu umefika. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa vijijini katika nchi tano, nazo ni Kongo, Kenya, Zambia, Guatemala na Pakistan. Wahudumu walifundishwa kutumia altrasaundi, na wajawazito wakapimwa. Ilitarajiwa kwamba watakaoonekana wana hatari watakwenda hospitali na kuokoka. Haikuwa hivyo: mahudhurio ya kliniki hayakuongezeka kwa sababu ya kipimo, wala vifo vya akina mama na vya watoto wachanga havikupungua. Yaliyo ng'ambo ya kipimo yalibaki kama yalivyokuwa. Kumwambia mwanamke kwamba kondo lake limekaa njiani, ilhali hospitali yenye upasuaji iko mbali, gari halipo na damu ya kumwongezea haijapatikana, ni sawa na nahodha anayetosa bildi, akajua kwamba mwamba uko chini yake, na usukani hana.

Kwa hivyo mjamzito wa kawaida asiipime kliniki kwa idadi ya picha. Na aipime kwa mambo ambayo hayana karatasi ya kupamba sebule: je, shinikizo la damu lilipimwa kila alipokuja? Je, damu na mkojo vilipimwa, vidonge vya madini ya chuma vilitolewa, pepopunda ilikingwa? Je, kuna aliyemsikiliza? Pembe ya mbao ya kusikilizia moyo wa mtoto, aliyoitengeneza Mfaransa Adolphe Pinard mwaka 1895, haina umeme wala haina bei ya kutisha, na mkunga aliyeizoea huisikia afya ya mtoto kwa sikio lake. Yeye naye anafanya kazi ya mwangwi. Wahenga walikwisha kuonya: usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Onyo hilo linamfaa pia mwenye fedha anayedhani kwamba picha ya kila mwezi itamtosheleza badala ya mkono wa mkunga.

Jibu la swali, basi, laweza kusemwa kwa maneno machache. Kwa mimba isiyo na tatizo, moja yatosha, nayo iwe kabla ya wiki ya 24. Na kwa ajili ya tarehe, kadiri inavyotangulia ndivyo inavyosema kweli. Nchi yenye uwezo na wataalamu huongeza ya pili karibu na wiki ya 20, ili viungo vya mtoto vitazamwe kimoja kimoja, na hilo ni jema. Zaidi ya hapo iwepo sababu, na sababu hiyo mama aelezwe kwa lugha anayoielewa.

Mwenye mimba ana haki ya kuisitiri, na ana haki ya kuijua. Haki hizo mbili hazikupata kuwa maadui. Atakayetoka kliniki na tarehe iliyo sahihi, akaikunja ndani ya kadi, akaiweka mkobani na asimwambie mtu, huyo ametimiza wasia wa wazee wake, na amemwekea mwanawe akiba kubwa: siku atakayogonga mlango, kabla ya wakati au baada yake, watakaompokea watajua amefika na umri gani.